UZI: Nimetafuta nafasi ya baada ya uzamivu miaka miwili nikiwa Amu. Nimepata. Haya ndiyo niliyoyaona njiani

MwanaMikoko (Amu)

Assalaam aleikum jamaa. Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu: mmoja tukiwa kwenye boti ya Mokowe, mwingine nje ya msikiti, wa tatu binamu yangu aliyenipigia kutoka Malindi saa nne usiku. "Ulipataje?" Nimechoka kurudia, naandika mara moja. Ni refu, mwenye haraka apite.

Kwanza kwa wasiojua, maana hata mama yangu mpaka leo anawaambia majirani "amemaliza kusoma, sasa anakwenda kusoma". Postidoki, yaani hii nafasi ya baada ya uzamivu (PhD), si masomo. Uzamivu ushamaliza, cheti unacho, ni daktari wa karatasi si wa sindano. Lakini maabara huna, ruzuku yako mwenyewe huna, na hakuna chuo kilichokupa kiti cha kudumu. Basi unaingia kwenye mradi wa mtu, au unapewa ufadhili ufanye wako chini ya mwenyeji, yaani profesa anayekupokea chuoni kwake, mwaka mmoja, miwili, mitatu. Mzee mmoja wa Matondoni nilipomweleza alielewa upesi kuliko mama: "Ni fundi aliyekwisha kufuzu, anagonga misumari kwenye jahazi la mwenzake huku jicho likitafuta mbao za lake." Ndiyo hiyo hiyo.

Uzamivu wangu ni wa ikolojia ya mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti yetu hii ya Lamu, kwa hiyo nilidhani dunia itanigombania. Miezi minane ya mwanzo nilikuwa kila asubuhi nafungua EURAXESS, kisha jobs.ac.uk, kisha Nature Careers, naandika neno langu, natuma kwa chochote kinachotokea. Tovuti hizo si mbovu, msinielewe vibaya. EURAXESS ni ya Umoja wa Ulaya, jobs.ac.uk inakupa vyuo vya Uingereza karibu vyote pamoja. Tatizo ni kwamba tangazo likishafika hadharani, mara nyingi mwenye mradi tayari ana jina moja au mawili kichwani. Anatangaza kwa sababu kanuni zinamtaka atangaze. Hakuna hila hapo. Kuna mtu alimwandikia mapema kuliko wewe, basi.

Naendelea chini, bando linaisha.

MwanaMikoko (Amu)

Nimerudi. Hili ndilo lililonifungua macho: pesa huonekana kabla ya tangazo.

Mradi mkubwa ukipewa fedha za umma, taarifa zake huwekwa wazi. Umoja wa Ulaya una hifadhidata inaitwa CORDIS. Uingereza wana Gateway to Research. Ujerumani wana GEPRIS, ya DFG, shirika lao la kufadhili utafiti. Marekani, miradi ya afya imo NIH RePORTER, ya taasisi zao za taifa za afya (NIH), na NSF, wakfu wao wa sayansi, wana yao ya ruzuku za sayansi. Hakuna malipo, hakuna kujisajili. Unaandika somo lako, unaangalia tarehe ya kuanza. Mradi wa miaka mitano ulioanza mwezi jana una pesa ya kuajiri watu wawili watatu na mwenyewe bado hajapata nafasi ya kuandika tangazo. Huyo ndiye wa kumwandikia. Mradi uliobakiza mwaka, usijisumbue, pesa zake zishagawanywa kama nyama ya maulidi.

Sasa imeili. Hii ndiyo niliyokuwa nikituma mwanzo, nimeitafsiri na naomba msicheke:

"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti mwenye bidii kutoka Kenya. Nimevutiwa sana na kazi zako. Natafuta nafasi yoyote katika maabara yako yenye sifa. Nimeambatisha wasifu na vyeti vyangu vyote."

Niliituma kwa watu hamsini na kitu, jina nikibadilisha. Kuna mmoja nilisahau kubadilisha. Majibu niliyopata ni ya kompyuta: profesa yuko likizo.

Na hii ndiyo iliyojibiwa baada ya siku mbili:

"Profesa, nimesoma makala yenu ya kaboni katika udongo wa mikoko. Mmekadiria hadi kina cha mita moja. Hapa Lamu, kwenye michu (aina ya mikoko) ya ukingo wa bahari, mara nyingi nagonga mwamba wa matumbawe kwenye sentimita 60. Ukikadiria mita nzima unahesabu kaboni isiyokuwepo. Nina sampuli 84 za maeneo matatu na ningependa kujua kama tofauti hiyo inaonekana kwenye data zenu pia. Nimeona mradi wenu mpya unaanza Januari. Je, mtahitaji mtu wa udongo?"

Hakuna sifa humo. Hakuna vyeti. Nilimpelekea tatizo lake mwenyewe na ushahidi wa kwamba naweza kumsaidia kulitatua. Imeili nzima inasomeka kwenye simu bila kuvuta chini mara tatu. Wasifu niliambatisha, kurasa mbili.

KijanaWaLangoni (Amu)

Shekhe, kwa hiyo ni kujuana tu? Hata Ulaya? Nilidhani hayo ni ya kwetu.

MwanaMikoko (Amu)

Hapana bwana. Yule profesa hajui ukoo wangu wala hana haja nao. Baada ya imeili ile bado nilijaza fomu, nikahojiwa na watu watano, na kulikuwa na waombaji wengine. Tofauti ni kwamba jina langu lilipotokea kwenye rundo, kulikuwa na mtu mmoja mezani aliyesema "huyu ndiye wa sentimita 60".

SamakiWaWatamu (Malindi)

Naongeza kwa watu wa bahari. Kama kazi yako ni matumbawe, jiunge na Coral-List, ni orodha ya imeili ya siku nyingi na nafasi nyingi hupita pale. Kwa mageuzi na jenetiki kuna EvolDir. Na msidharau WIOMSA, chama cha sayansi ya bahari cha ukanda wetu, hapo Unguja. Ruzuku zao si mshahara wa postidoki, lakini ruzuku ndogo uliyoiongoza wewe mwenyewe inaonekana vizuri kwenye wasifu kuliko mradi mkubwa uliobebea watu ndoo.

BintiMkomani (Amu)

Kaka MwanaMikoko, ahsante, ila hayo ni ya watu wa matope na vipimo. Mimi uzamivu wangu ni wa tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Sijaona maabara inayoajiri mtu wa kusoma mashairi. Hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Maana yake mtu wa Oslo anazisoma akiwa kitandani, na mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale sijui hata nimwandikie nani. Nimetafuta CORDIS tangu mchana, nimeambulia miradi ya roboti.

MwanaMikoko (Amu)

Dada, hapo nimefika mwisho wa maji yangu. Yuko mtu wa fasihi humu?

NikoBaridini (Bayreuth, mtu wa Faza)

Niko. Mwaka wa pili sasa Ujerumani, na naandika haya na soksi mbili mbili.

Dada BintiMkomani, kwetu mambo ni kinyume na ya wenye maabara. Huko profesa ana pesa na anatafuta mikono. Huku profesa mara nyingi hana pesa, na andiko la utafiti ni lako mwenyewe. Unamtafuta awe mwenyeji, anakupa barua ya kukubali, kisha unakwenda kuomba pesa kwa mfuko mwingine wa ufadhili. Kwa hiyo usiulize "una nafasi?" Atajibu hana, na ni kweli hana. Muulize "utakubali kuwa mwenyeji wangu nikiomba Humboldt?" Hilo halimgharimu chochote ila kusoma andiko lako, na akilipenda atakusaidia kulinoa.

Humboldt, yaani wakfu wa Alexander von Humboldt, wanachukua fani zote na nchi zote. Kwa wa baada ya uzamivu sharti ni usizidi miaka 4 tangu upate shahada, unakaa Ujerumani kati ya miezi 6 na 24. Uingereza kuna Newton International ya Royal Society kwa sayansi, na kwa sisi wa vitabu British Academy wana International Fellowships, usizidi miaka 7 ya utafiti baada ya uzamivu. Japani kuna JSPS, shirika lao la kukuza sayansi, miaka 6, lakini pale mwenyeji ndiye anayeomba kwa niaba yako, usishangae ukikuta hakuna fomu ya wewe kujaza.

Halafu ile kubwa, Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya, watu huiita MSCA. Hii nitaikalia kidogo, maana wengi wanaiogopa bure na wengine wanaiingia kichwa kichwa. Raia wa nchi yoyote anaruhusiwa. Usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 kabla ya siku ya mwisho. Katika wito wa 2024, yaani mwaliko wa maombi wa mwaka huo, sharti lilikuwa miaka 8 ya utafiti baada ya uzamivu, na aliyekwisha kutetea tasnifu bila kutunukiwa rasmi aliruhusiwa. Siku ya mwisho huwa Septemba: 2024 ilikuwa tarehe 11, 2025 tarehe 10. Sehemu ya andiko lenyewe ni kurasa 10, hairuhusiwi hata mstari zaidi. Na ni msongamano: 2024 yalifika maombi 10,360, na 2025 yakaruka hadi 17,058. Aliyepata alama chini ya asilimia 70 katika wito wa 2024 hakuruhusiwa kuomba tena mwaka unaofuata na taasisi ile ile. Ndiyo maana nasema usiandike Agosti. Anza Machi.

Siri ndogo: kuna njia ya ziada ukichagua mwenyeji katika nchi kama Ureno, Ugiriki, Poland au Cheki. Andiko lako likikosa kwenye mfuko mkuu linaweza kuingizwa kwenye mfuko wa pili uitwao ERA Fellowships bila kuandika upya. Wengi wanakimbilia Paris na Amsterdam tu.

Kuhusu nani umwandikie: watu wa Kiswahili na hati wako sehemu chache, kwa hiyo hesabu inakuwa rahisi. Bayreuth hapa, ambako pia kuna kongamano la Kiswahili kila mwaka, njoo usomee makala mbele yao uone jinsi milango inavyofunguka. Bayreuth pia ndiko liliko kundi la Africa Multiple, lililoanza 2019, nao wana kituo chao Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Yaani unaweza kuanzia Eldoret. Napoli kuna L'Orientale, London kuna SOAS, Leiden, Paris kuna INALCO. Berlin kuna ZMO, hao ni wa Uislamu na Bahari ya Hindi, mada yako inaingia pale kama ufunguo kwenye kufuli. Matangazo ya historia na fasihi yako H-Net, ya isimu yako LINGUIST List.

BintiMkomani (Amu)

Nimeandika yote kwenye daftari. Miaka 4 ya Humboldt, inaanza kuhesabiwa lini? Mimi nilitetea, nikakaa miezi kumi na moja nikingoja mahafali.

NikoBaridini (Bayreuth)

Usijifanyie hesabu mwenyewe. Kila mfuko una tafsiri yake, soma masharti yao na ukiwa na shaka waandikie, wanajibu. Ila chukua barua ya chuo inayosema umetimiza masharti yote ya shahada, yenye tarehe na muhuri. Barua hiyo imeokoa watu wengi wa nchi zetu.

AnayetazamaNyota (Malindi)

Na sisi wa fizikia tusemeje? Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani. Ikapewa jina la sikukuu yetu. Nimekulia karibu na pale, na kijijini kwangu nilikuwa wa kwanza kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu kilichorushwa. Kinaniuma hicho, lakini tuendelee.

Elimu ya nyota ina msimu wake, kama kaskazi na kusi. Matangazo yanatoka AAS Job Register, ya chama cha wanajimu wa Marekani wa elimu hiyo, maombi yanafungwa Oktoba hadi Desemba, na kuna makubaliano ya zamani kwamba mtu asilazimishwe kujibu kabla ya Februari 15. Fizikia ya chembe iko INSPIRE. Hisabati iko MathJobs, nayo pia ni miezi ya mwisho wa mwaka. Ukimaliza uzamivu Januari ukaanza kutafuta Februari, umeukosa upepo, ungoje mwingine.

KaratasiMoja (Malindi)

Uchumi ni hivyo hivyo, tena kwa ukali. Soko letu ni la mara moja kwa mwaka. Novemba unatuma, kwa tovuti ya JOE ya Wamarekani na EconJobMarket, mahojiano yanakuja kuanzia Desemba hivi, na wote wanasoma karatasi yako moja tu ya utafiti. Nyingine zote ni pambo. Nilipeleka karatasi nne nzuri kiasi, mtu akaniambia afadhali ningepeleka moja iliyoiva.

UmmKulthum (Shela)

Naona mnashangilia tu. Nisikilizeni na mimi ambaye si mtafiti. Mume wangu ndiye.

Tumehama mara tatu kwa miaka sita. Mkataba wa miaka miwili maana yake mwaka wa kwanza mnajifunza njia ya kwenda sokoni, wa pili anaandika maombi ya kwingine usiku. Ujerumani kabla hujapewa ufunguo wa nyumba mwenye nyumba anaweza kudai amana ya kodi ya miezi mitatu, na mshahara wa kwanza bado. Tulilala kwa rafiki, watu wanne kwenye kochi. Mwanangu mkubwa alianza darasa la kwanza kwa lugha moja, la tatu kwa lugha nyingine. Na huko kuna sheria ya mikataba ya muda: miaka sita baada ya uzamivu, basi, ama upate kiti ama utoke kwenye mikataba hiyo. Alipofikisha wa tano tukarudi. Sasa anafundisha hapa pwani, analala usiku.

Kama unaenda na familia uliza kabla ya kusaini: kuna posho ya familia? MSCA wanayo, Humboldt wanayo. Vyuo vingi havina, na hakuna atakayekutajia usipouliza.

MwanaMikoko (Amu)

Dada UmmKulthum, sina la kukupinga. Na ndiyo maana nilikataa ya kwanza niliyopewa. Miezi kumi na miwili, bara la mbali, bila nauli ya familia. Mke wangu alisema "nenda", lakini alisema huku anakuna nazi, hakuinua uso.

DaktariWaKilifi (Kilifi)

Kwa nini lazima mvuke bahari? Mimi niko hapa hapa. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome uko Kilifi tangu 1989, una watafiti wa baada ya uzamivu wa afya, takwimu, jenetiki, hata sayansi ya jamii. Nairobi kuna icipe kwa wadudu, ILRI kwa mifugo, CIFOR-ICRAF kwa misitu na miti, na wote hutangaza nafasi za aina hii kwenye tovuti zao. Afrika Kusini vyuo vikuu vina utamaduni mkubwa wa postidoki. Ila huko mara nyingi unalipwa kama mfadhiliwa, si mwajiriwa: kodi hukatwi, na pensheni pia huna. Wengi wanataka usizidi miaka mitano tangu uzamivu.

Ya Marekani nayo, ili mlinganishe: mwaka 2024 kiwango cha NIH kwa anayeanza kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka. Inasikika kubwa ukiisoma ukiwa Malindi. Ipeleke Boston, lipa kodi ya nyumba, kisha uniambie.

KijanaWaLangoni (Amu)

MwanaMikoko, hujatwambia ya mahojiano. Nilisikia ulikosa moja kwa sababu ya saa. Ni kweli au ni umbea wa baraza?

MwanaMikoko (Amu)

Lo. Ni kweli.

Mahojiano yalikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi ya kwao. Mimi nikahesabu: wao wako nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo ni saa sita mchana yetu. Nikaomba chumba kwa rafiki mwenye intaneti nzuri Langoni, nikavaa shati, nikafunga dirisha punda wasisikike. Saa sita kasoro dakika kumi nikafungua linki. Hakuna mtu. Nikangoja. Saa sita na robo nikaandika imeili kwa adabu kuuliza kama wamechelewa.

Jibu likaja: walikuwepo saa nzima iliyopita, waliningoja dakika kumi na tano, wakaenda kwa mwombaji mwingine.

Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa mbele. Jana yake tu. Tofauti ikawa saa moja, si mbili, na mimi siku hiyo nzima nilikuwa nasoma maswali sikufungua hata habari. Hawakunipa nafasi ya pili. Tangu siku ile, nikipewa saa ya miadi naandika kwenye jibu langu: "yaani saa 11:00 (saa tano asubuhi) ya Afrika Mashariki, sivyo?" na nangoja wakubali. Oktoba pia wanarudisha nyuma, Jumapili ya mwisho. Kenya hatusogezi kitu, kwa hiyo anayeteleza ni sisi.

Mahojiano yenyewe hayatishi. Ya pili, niliyofaulu, walinipa dakika kumi za kueleza kazi yangu, kisha maswali. Swali lililonishika ni hili: "Miezi mitatu ya kwanza utafanya nini hasa?" Nilikuwa na mipango ya miaka mitatu, ya miezi mitatu sina. Nikakumbuka sampuli zangu ziko kwenye friji, nikasema nitaanza na hizo wakati kibali cha kukusanya mpya kinashughulikiwa. Mwenyekiti akaandika kitu. Baadaye aliniambia ndipo alipokata shauri.

SamakiWaWatamu (Malindi)

Wadhamini je, wale wa kukuandikia barua? Wangu anajibu imeili kwa mwezi.

MwanaMikoko (Amu)

Hapo ndipo pana maumivu. Nafasi nyingi zinataka majina mawili au matatu, na mfumo unawatumia linki wenyewe. Barua isipofika, ombi lako halijakamilika hata kama andiko lako ni dhahabu. Nilijifunza hivi: wiki tatu kabla, namtumia mdhamini ukurasa mmoja wenye jina la nafasi, siku ya mwisho, na mambo matatu ambayo yeye aliyashuhudia kwa macho. Mfano: "Prof, ulikuwepo pale Kizingitini boti ilipozimika nikaokoa sampuli." Mtu akikumbushwa anaandika barua yenye uhai. Asipokumbushwa anaandika "ni mtu wa bidii". Na mmoja kati ya watatu asiwe wa chuo chako. Mshiriki wa makala, mtu wa mradi, yeyote wa nje.

FarajaTele (Malindi)

Mimi nimepewa nafasi tayari alhamdulillahi, Canada, ila wanataka niwatumie dola 250 za kushughulikia faili. Nalipa kwa njia gani kutoka hapa?

DaktariWaKilifi (Kilifi)

USILIPE. Ulihojiwa? Na nani? Imeili yao inaishia na jina la chuo au ni ya bure tu? Hakuna chuo cha haki kinachomtoza mtafiti pesa ili kimwajiri. Ada ya viza unalipa serikalini au kwa wakala wake rasmi, si kwa profesa.

FarajaTele (Malindi)

Sijahojiwa. Ni ya bure. Ya Rabi.

NikoBaridini (Bayreuth)

Pole sana. Afadhali umeuliza kabla. Mpigie simu chuo chenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, utaje hilo jina.

Na gharama za kweli mzijue ili msidanganywe. Cheti cha tabia njema cha polisi kinaombwa eCitizen, shilingi 1,050, kisha alama za vidole. Uingereza zaidi ya miezi sita unapimwa kifua kikuu, kwa kliniki ya IOM, shirika la uhamiaji, Nairobi. Kwa watu wa Amu hesabuni na safari: boti, basi la Mokowe, Witu, Garsen, mpaka Mombasa, halafu Nairobi. Mimi safari ya viza ilinila zaidi ya viza yenyewe.

BintiMkomani (Amu)

Nimeandika rasimu usiku huu kwa mtu mmoja wa ZMO, Berlin. Naweka mwanzo wake, nikosoeni bila huruma:

"Profesa, katika hati za Riyadha zilizowekwa mtandaoni nimeona pambizo moja yenye beti tano za Kiswahili ndani ya kitabu cha sheria cha Kiarabu. Kwenye orodha kitabu kimeandikwa ni cha Kiarabu tu. Kwetu Mkomani bibi yangu alizijua beti mbili kati ya hizo kwa moyo. Nataka kuhesabu ni pambizo ngapi za namna hii zimefichwa na orodha, na utenzi uliishije pembeni mwa sheria."

NikoBaridini (Bayreuth)

Usiguse kitu hapo. Ongeza sentensi moja tu: unaomba awe mwenyeji kwa ufadhili upi, na lini. Kisha tuma.

BintiMkomani (Amu)

Stima zishapotea huku, niko kwenye simu, chaji asilimia tisa. Natuma.

BintiMkomani (Amu)

Wiki mbili baadaye. Amejibu! Anasema yeye hakuwahi kuiona pambizo hiyo, anauliza iko ukurasa wa ngapi, na anataka andiko la kurasa mbili kabla ya Ijumaa. Sina hata kichwa cha habari. NikoBaridini, huko ni saa ngapi, uko macho?